Al-Hasan bin al-Haytham na Hesabu ya Makosa ya Jicho

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham, na nisba yake ni al-Basri, kwa kuwa alizaliwa katika mji wa Basra, nchi ya Iraq, mwaka 354 Hijria, muwafaka na 965 Miladia. Watu wa Ulaya walivipokea vitabu vyake kwa Kilatini, wakalipotoa jina la al-Hasan hata likawa Alhazen. Basi mwenye kulikuta jina hilo katika vitabu vya skuli na ajue kwamba ni huyu huyu.

Desturi ya ukurasa huu ni kuwataja watu wa fiqhi na hadithi. Mara hii tumemtaja mtu wa hisabu na elimu ya nuru, na sababu yake ni hii. Katika hospitali na zahanati za kwetu, Likoni, Kisauni na Changamwe, hapiti siku ila damu ya mtu hutiwa chini ya hadubini ili itazamwe kama imeingiwa na vijidudu vya malaria. Kila mmoja wetu aijua hadubini hiyo, na wengi wamesikia kwamba ziko leo hadubini nyingine zenye kuonyesha mahali pa molekuli moja ndani ya seli hai. Lakini ni wachache wajuao kwamba jambo linalowasumbua mabingwa wa hadubini hizo, yaani kujua jicho limekosea wapi, kwa sababu gani na kwa kadiri gani, liliwekewa makala nzima na mtu huyu wa Basra kabla ya miaka elfu moja kasoro kidogo.

Basra ni bandari, na sisi watu wa pwani si wageni nayo. Wazee wetu waliyajua majahazi ya Basra na Kuwait yaliyofika na kaskazi yakileta tende, yakarejea na kusi yamepakia boriti. Katika zama za al-Hasan mji huo ulikuwa na maulamaa wa kila fani, na vitabu vya Wayunani vilikwisha kufasiriwa kwa Kiarabu. Al-Hasan alisoma Euclid na Ptolemy katika hisabu, Aristotle katika maumbile, na Galen katika tiba. Akakuta wamekhitilafiana katika jambo ambalo mtoto angelidhani halina khilafu, nalo ni namna jicho linavyoona. Watu wa hisabu walisema jicho hutoa mwale wake ukaenda kukigusa kitu. Watu wa maumbile walisema sura ya kitu ndiyo ijayo ikaingia jichoni. Kila kundi likashika la mwalimu wake, na vitabu vikaandikwa juu ya vitabu.

Yeye hakushika la huyu wala la yule. Alitazama kwamba mwenye kulikodolea jua jicho humwuma, na mwenye kukitazama kitu chenye nuru kali kisha akafumba macho hubaki na alama yake kwa muda. Kama jicho ndilo litoalo, maumivu yatoka wapi? Akakata shauri kwamba nuru hutoka katika kitu ikaja jichoni. Ila hakusema kitu kizima hutuma sura yake kama mtu atumaye barua. Alisema kila nukta ya kitu chenye nuru hutawanya nuru yake pande zote kwa mistari iliyonyoka, na kazi ya jicho ni kuzipanga nukta hizo tena, kila moja mahali pake. Tunamwomba msomaji alishike neno hili la nukta, kwa maana yote yatakayofuata yamesimama juu yake.

Ama khabari zake za Misri, aliyezipokea zaidi ni Ibn al-Qifti, aliyefariki mwaka 1248, yaani miaka mia mbili baada ya mwenyewe. Twazitaja kwa tahadhari ipasayo kwa mpokezi aliye mbali na tukio. Asema kwamba al-Hasan, akiwa Iraq, alisikika akidai kuwa lau angekuwa Misri angefanya kazi katika mto Nili itakayowafaa watu wakati wa kujaa na wakati wa kupungua. Neno likamfikia al-Hakim, mtawala wa Kifatimi aliyetawala tangu 996 hata 1021, naye akamwita, akatoka mwenyewe nje ya Kairo kumlaki, akampa mafundi na mali. Wakapanda mto hata mahali paitwapo Janadil, kusini ya Aswan, ambapo maji hupita katika mawe.

Njiani alikuwa akiyatazama majengo ya Wamisri wa kale, jinsi yalivyopimwa na kuchongwa kwa ustadi. Akajisemea kwamba watu wenye elimu kama hii, lau jambo hili lingewezekana kwa vyombo vya binadamu, wasingeliacha. Alipofika Janadil na kupaona kwa macho yake, akajua kwamba hesabu aliyoifanya akiwa mbali haikuafikiana na mahali penyewe. Akarudi akamwambia mtawala kwamba ameshindwa. Tukumbuke ni mtawala gani aliyeambiwa maneno hayo, kwani al-Hakim alikuwa akiwaua mawaziri wake kwa sababu ndogo au bila ya sababu. Karibu na mahali hapo Waingereza walimaliza boma la maji mwaka 1902, kwa chuma na mvuke ambavyo al-Hasan hakuwa navyo, na boma kubwa zaidi likamalizika mwaka 1970. Basi wazo lake halikuwa la kipumbavu. Lilikuwa limetangulia vyombo vyake.

Al-Hakim alimpa kazi ya diwani, naye akaipokea kwa hofu. Baadaye, asema Ibn al-Qifti, akajifanya amerukwa na akili. Mali yake ikawekwa chini ya wasimamizi, naye akafungiwa nyumbani mwake hata al-Hakim alipotoweka mwaka 411 Hijria, ndipo akili yake ikarejea siku hiyo hiyo. Ibn Abi Usaybi'a anayo riwaya nyingine, ya kwamba alijifanya mwendawazimu kule kule Basra ili aachiliwe kazi ya serikali. Riwaya mbili zenye kugongana namna hii zapasa kumfanya msomaji asiapie mojawapo, hata kama wasimulizi wa leo hupenda ile ya kwanza kwa kuwa ina ladha.

Lenye nguvu zaidi ni maisha yake ya baadaye. Alikaa katika kijumba karibu na mlango wa Msikiti wa al-Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya hisabu. Kila mwaka alinakili kitabu cha Euclid, na Almagest ya Ptolemy, na vile vitabu vya kati vinavyosomwa baina ya hivyo viwili, akaviuza kwa dinari 150 za Kimisri, bei isiyopanda wala kushuka, na hizo zikawa chakula chake cha mwaka mzima. Mtu ambaye mtawala alimtokea nje ya mji aliishi kwa kalamu ya kunakili maneno ya wengine, na baina ya kunakili na kunakili akaandika yake mwenyewe. Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, chenye makala saba, chaelekea kilikamilika katika miaka hiyo, baada ya 1028.

Makala ya tatu ndiyo iliyotufanya tuandike. Al-Hasan hakuridhika kusema kwamba jicho huona. Aliuliza jicho hukosea lini. Akasema kuona kwa sahihi kuna masharti manane, na kila sharti lina kadiri yake ya wastani: umbali wa kitu, namna kinavyokabili jicho, nuru, ukubwa wake, uzito wa mwili wake usiopitisha nuru, usafi wa hewa iliyo kati, muda wa kutazama, na uzima wa jicho. Sharti moja likitoka katika wastani, kosa huingia, nalo si kosa la ovyo bali lina sababu yake ya kutajwa na kupimwa. Mfano wake mmoja ni pia, ile watoto waichezayo. Ikiwa na mistari ya rangi mbalimbali na ikazunguka kwa kasi, jicho huona rangi moja isiyokuwamo katika mistari ile yote, na pengine huidhani pia imesimama. Jicho ni zima, nuru ipo, ila muda haukutosha.

Sasa natugeuke kwenye hadubini, kisha tutamrudia mwenyewe. Mwaka 1873 Mjerumani mmoja wa mji wa Jena, Ernst Abbe, alidhihirisha kwamba hadubini ya nuru ina mpaka. Nuru ya nukta moja ikipita katika lenzi haitoki tena nukta, hutoka doa dogo lenye kingo za ukungu. Nukta mbili zikikaribiana chini ya nanomita 200 hivi, madoa yao huwa doa moja. Nanomita ni sehemu moja katika milioni ya milimita, na unywele wa mtu una upana wa karibu nanomita 80,000. Kwa vijidudu vya malaria hadubini hiyo yatosha, walakini nyuzi na vyombo vingi vya ndani ya seli ni vyembamba kuliko mpaka huo mara nyingi.

Mwenye kusimama ufukoni Mtongwe usiku akatazama mashua za wavuvi zenye karabai atafahamu haraka. Mashua mbili zilizo mbali na karibu karibu huonekana taa moja. Lakini kama wavuvi wangepatana, huyu afunike taa yake huyu afunue, kisha wabadilishane, mtazamaji angeweza kuelekeza kidole katikati ya kila nuru kwa zamu, akajua ni mbili na ipi iko wapi. Hiyo ndiyo hila iliyowapatia Eric Betzig na William Moerner, pamoja na Stefan Hell aliyepita njia nyingine, tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2014. Molekuli za rangi ing'aayo huambatishwa na protini za seli, huwashwa chache chache kwa zamu, picha hupigwa kwa maelfu, na katika kila picha kamera hutafuta kitovu cha kila doa. Vitovu vyote vikikusanywa hutoka sura ambayo hapana jicho lililoiona kwa mara moja. Kwa njia hii ilidhihirika mwaka 2013 kwamba ndani ya nyuzi za mishipa ya fahamu mna pete zilizopangwa kama ngazi, kila moja mbali na mwenziwe kwa nanomita 190 hivi.

Lakini kitovu cha doa si lazima kiwe mahali pa molekuli. Hapa ndipo yale masharti ya al-Hasan yanaporejea, moja baada ya moja.

La kwanza ni nuru. Molekuli moja hutoa chembe za nuru zenye kuhesabika, na kila chembe hutua kamerani mahali pasipojulikana kwa yakini, hapa au pale katika lile doa. Mwenye kukisia kitovu kwa chembe kumi atakosea sana. Kosa hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi: chembe 100 hulipunguza hata likawa moja ya kumi, chembe 10,000 hata moja ya mia. Kwa hiyo mabingwa hutafuta rangi zing'aazo zaidi, na huzima kila nuru ya kando inayochafua doa.

Muda nao una hila yake. Kukusanya picha maelfu huchukua dakika nyingi, na katika dakika hizo meza ya hadubini husogea kwa joto au mtikisiko, pengine kwa nanomita mamia. Molekuli haikwenda popote, ila yaonekana imehama. Abiria wa feri ya Likoni ayajua haya, maana mara feri ing'oapo hudhani ni gati linaloondoka. Dawa yake ni kutia kando ya seli chembe ndogo za dhahabu au shanga zing'aazo zisizosogea katika kigae, na kila picha kupimwa kwa hizo. Shanga ikionekana imehama, ijulikane ni meza iliyohama, na hesabu ya molekuli zote irudishwe kwa kadiri hiyo hiyo.

Ama kitu kilicho kati, al-Hasan alikifanyia makala ya saba nzima juu ya kupindika kwa nuru. Upondo uliotiwa majini huonekana umevunjika, na samaki huonekana juu kuliko alipo. Lenzi nyingi za hadubini hutazama kwa njia ya mafuta, na seli imejaa maji. Basi nuru hupindika mpakani, na molekuli iliyo ndani huonekana katika kina kisicho chake. Mwenye kutaka kina cha kweli hupima kwanza shanga zilizowekwa katika hali ile ile ya maji, akajua kadiri ya kupindika kabla ya kuiamini picha. Namna ya kukabili jicho pia imo. Molekuli iliyofungika ikalala upande haitupi nuru yake sawasawa, na kitovu chake chaweza kuhama kwa makumi ya nanomita. Hata ukubwa umo, kwa sababu rangi haikai juu ya protini yenyewe, bali huning'inia katika kamba ya protini nyingine yenye urefu wa nanomita kumi au zaidi. Kamera kadhalika ina maradhi yake, na kila kijicho chake hupimwa mbali kabla ya kazi.

Lakini al-Hasan hakukomea hapo, na hili ndilo twaliona kubwa kuliko yote. Aligawa makosa kwa mlango yaliyoingilia: mengine huingia katika hisi yenyewe, mengine katika kutambua, na mengine katika qiyasi, yaani jicho limepokea sawa lakini akili imehukumu vibaya. Watu wa hadubini wameonja kosa hili la tatu kwa uchungu. Hesabu ya mashine hudhani kila doa ni molekuli moja. Molekuli mbili jirani zikiwaka pamoja, mashine huweka alama katikati yake, mahali ambapo hapana kitu kabisa. Na molekuli moja ikiwaka na kuzimika mara nyingi, mashine huihesabu mara nyingi, na mtazamaji hudhani ameona kikundi cha protini kilichokusanyika juu ya ngozi ya seli, na kumbe ni moja tu. Mambo ya namna hii yana uzito wake, kwa maana juu ya makundi hayo watu hujenga rai za jinsi maradhi yaingiavyo na dawa ifanyavyo kazi. Picha nzuri yenye kung'aa ni khatari zaidi hapo kuliko picha mbovu, kwani mbovu haimdanganyi mtu.

Ndiyo maana wamejifunza kuijaribu hadubini kwa kitu kinachojulikana. Katika kiini cha seli mna vijilango vilivyojengwa kwa pembe nane, na umbo lake limekwisha kuthibitishwa kwa njia nyingine. Mwenye kudai hadubini yake ni sahihi na aionyeshe pembe nane katika mahali pake. Al-Hasan alikuwa na jina la kazi hii. Aliiita i'tibar, kujaribu jambo kwa matendo chini ya masharti yaliyowekwa, na kuyarudia hata shaka iondoke, na alichonga vyombo vya shaba kwa ajili yake.

Shaka hiyo aliielekeza kwa wakubwa pia. Ptolemy alikuwa imamu wa falaki kwa miaka mia nane na zaidi, na al-Hasan mwenyewe alikula kwa kunakili kitabu chake kila mwaka. Juu ya hayo akaandika al-Shukuk ala Batlamyus, akaonyesha mahali ambapo bwana huyo amejipinga mwenyewe. Rai yake ilikuwa kwamba mwenye kutafuta haki hutia shaka katika kila akisomacho, kisha hutia shaka katika ufahamu wake mwenyewe pia, asije akamdhulumu aliyetangulia kwa chuki au akamfuata kwa uvivu. Katika darasa zetu neno taqlidi hutajwa sana, na kila mmoja hulitupa kwa jirani yake. Huyu alilianza nafsini mwake.

Wala hatusemi aliepukana na kosa. Alidhani sehemu ya jicho ihisiyo ni ile lenzi ya mbele, na alikimbia kukubali kwamba sura hupinduka ndani ya jicho. Alikuwa Johannes Kepler, mwaka 1604, aliyeipeleka sura hata utando wa nyuma na kuikubali ikiwa imepinduka, naye alikuwa amemsoma al-Hasan.

Alifariki Kairo mwaka 430 Hijria au karibu yake, yaani 1040 hivi. Upande wa mashariki kitabu chake kilipata msomaji mkubwa baada ya zaidi ya miaka 200, Kamal al-Din al-Farisi, aliyekisherehesha, na kwa tufe la kioo lililojaa maji akaeleza jinsi upinde wa mvua unavyopatikana. Upande wa magharibi kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572. Tafsiri hiyo ilikosa milango mitatu ya mwanzo, ambamo mwandishi alieleza njia yake ya kutafuta, basi Wazungu wakapata matokeo bila ya dibaji. Leo Iraq imechora sura yake, ambayo hapana aijuaye, katika noti ya dinari 10,000, na jina lake hutajwa kwa fahari katika hotuba nyingi na watu ambao hawajafungua ukurasa wake. Kwa mwenye kutaka kuufungua, nakala za Kiarabu zilikuwa zimehifadhika katika maktaba za Istanbul, na makala tatu za mwanzo, pamoja na ile ya makosa ya jicho na ile milango mitatu iliyokosekana, zilihakikiwa na Abdelhamid Sabra zikapigwa chapa Kuwait mwaka 1983.